Namba Iliyo Nje ya Mabano

9 Februari

Kwa mwanafunzi namba 318,

Zoezi lako la Tatu limefika tarehe tano, likiwa na alama ya kiatu kwenye ukurasa wa pili. Nimelisahihisha. Umepata 2 kati ya 10.

Makosa yako manane ni kosa moja lililorudiwa mara nane. Ulipoambiwa ufungue mabano ya 4(x + 7), uliandika 4x + 7. Kwa 3(2x + 5) uliandika 6x + 5. Kwa 5(x – 2) uliandika 5x – 2. Kila mara namba iliyo nje umeizidisha na cha kwanza ndani ya mabano, kisha cha pili ukakiacha kama ulivyokikuta. Namba iliyo nje inazidisha kila kilichomo ndani. Maswali mawili uliyopata ni yale ambayo ndani ya mabano kulikuwa na kitu kimoja tu, kwa hiyo hakukuwa na cha kusahau.

Umeomba nikupigie simu nikueleze. Hapa maswali yote hujibiwa kwa maandishi. Rudia zoezi lote.

Msahihishaji
Dawati la Hisabati, Elimu kwa Posta


20 Februari

Mwalimu,

Baada ya salamu, pole na kazi. Mwandiko huu si wangu, maneno ndiyo yangu. Mimi ni fundi vigae, na wiki mbili zilizopita mashine ya kukatia ilinichana kidole gumba cha mkono wa kulia. Sasa hesabu naandika kwa penseli kwa mkono wa kushoto, halafu mama mkwe wangu anapitisha wino juu yake ili zisomeke. Yeye tunaishi naye. Barua namwambia, anaandika. Ile alama ya kiatu ni ya mtoto, samahani.

Nieleze kwa nini nimejisajili, usije ukadhani ni mzaha. Kampuni inataka msimamizi wa mafundi vigae. Mhandisi amesema mimi nafaa, ila lazima niwe na cheti cha hisabati. Mtihani wenu ni tarehe 14 Juni. Nina miaka kumi na minane kazini na sijawahi kupinda mstari, lakini karatasi hainitambui.

Sasa swali langu, na ndiyo sababu nilitaka simu, maana kwa mdomo lingekwisha dakika moja. Ile 4 imekaa karibu na x. Jirani yake ni x. Ile 7 iko mbali, katikati yao kuna alama ya kujumlisha. Namba ni moja, imeandikwa mara moja. Itawezaje kwenda kufanya kazi mahali pawili? Mimi nikipangiwa jengo moja, siwezi kuonekana jengo la pili siku hiyohiyo.

Naomba jibu.

Fundi vigae, namba 318


1 Machi

Kwa mwanafunzi namba 318,

Swali lako ni zuri kuliko majibu yako. Nitalijibu kwa vigae.

Una chumba ambacho upana wake ni vigae 4. Urefu wake hujaupima, basi uite x. Baada ya ukuta kuna sebule ya upana uleule wa vigae 4, na urefu wake ni vigae 7. Mwenye nyumba anavunja ukuta. Sasa una sakafu moja: upana 4, urefu x + 7. Vigae vyote ni 4(x + 7).

Rudisha ukuta. Chumbani kuna vigae 4x. Sebuleni kuna vigae 28. Hakuna kigae kilichoongezeka wala kilichopungua kwa sababu ya ukuta, kwa hiyo 4(x + 7) ni sawa na 4x + 28.

Ukiandika 4x + 7, maana yake umemaliza chumba, ukaingia sebuleni, ukaweka mstari mmoja wa vigae saba kando ya ukuta, ukafunga vifaa ukaenda zako. Ile 4 haikwenda mahali pawili. Ni upana wa sakafu nzima, na ukuta haubadilishi upana.

La Tatu usilirudie; fanya Zoezi la Nne.

Msahihishaji


15 Machi

Mwalimu,

Nimeelewa. Mfano wa ukuta umeniingia barabara, nimewasimulia hata wenzangu kazini. Zoezi la Nne hili hapa, nadhani utashangaa. Kidole kinaendelea vizuri.

Fundi vigae, namba 318

Mwandikaji naye anakusalimu. Anauliza, kama siyo kosa kuuliza: namba ya nje ikiwa na alama ya kutoa mbele yake, alama hiyo nayo inaingia kwa wote waliomo ndani?


27 Machi

Kwa mwanafunzi namba 318,

Zoezi la Nne: 9 kati ya 10. Kosa ni swali la nane, –2(x – 6). Jibu ni –2x + 12. Wewe umeandika –2x – 12.

Kwa mwandikaji: ndiyo, inaingia kwa wote.

Umepiga hatua kubwa kwa muda mfupi. Endelea na Zoezi la Tano.

Msahihishaji


22 Aprili

Mwalimu,

Leo naandika mwenyewe, utavumilia mwandiko. Kidole kilishapona zamani, ila nilikuwa nimezoea wino wa mama mkwe.

Nataka kujua umenifundisha nini. Zoezi la Nne uliniandikia 9. La Tano ukaniandikia 10. Karatasi ninazo, nimeziweka juu ya kabati kama picha ya harusi.

Mwezi huu tulipewa jengo la wagonjwa. Vyumba sita vinavyofanana, kila kimoja na choo chake. Chumba kinachukua vigae 240, choo 35, kigae ni cha aina moja kote. Mhandisi akaniambia, wewe ndiye msomi wetu, nipe idadi. Zamani ningetembea chumba hadi chumba nikihesabu kwa chaki ukutani, ningemaliza saa nzima lakini ningemaliza salama. Safari hii nilitaka aone. Nikachukua karatasi mbele yake, nikaandika 6(240 + 35), nikafungua mabano pale pale nimesimama: 1440 kujumlisha 35, ni 1475. Akasaini. Vigae vikaja.

Tulipomaliza vyumba vyote sita na choo cha kwanza, maboksi yakaisha. Vyoo vitano vilikuwa saruji tupu. Mhandisi akaagiza vingine, akaambiwa rangi hiyo imeshasimama kutengenezwa. Sasa jengo lina choo kimoja cha rangi ya maziwa na vitano vya rangi ya kijivu, na mwenye jengo amekataa kulipokea mpaka aelezwe sababu. Sababu ni mimi. Mhandisi hakunigombeza. Alichukua kalamu kutoka mkononi mwangu akaiweka mfukoni mwake, basi. Kazini sasa naitwa Choo Kimoja. Hata mpishi wa pale ananiita hivyo akinipakulia.

Mtu mwenye 10 kati ya 10 anakoseaje hivi? Ama hamsomi mnachosahihisha, ama mnatoa alama ili watu waendelee kujisajili. Mama mkwe ananizuia, anasema niache hasira ipoe. Sitaiacha. Nikipata ruhusa nitakuja hapo ofisini, na safari hii utanijibu kwa mdomo.

318


24 Aprili

Mwalimu,

Mimi ni yule mwandikaji. Mkwe wangu hajui kama nimekuandikia.

Kosa si lako wala si lake. Ni langu.

Nimefagia madarasa miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ya mwisho kila siku ilikuwa kufuta ubao. Walimu wa hisabati ndio walioacha ubao umejaa, na mimi nilikuwa sifuti kabla sijaangalia, maana nilipenda namna mstari mmoja unavyozaa mwingine chini yake. Sikuelewa. Mimi niliacha shule darasa la tano. Lakini mabano niliyafahamu kwa sura.

Barua yako ya ukuta niliisoma mara nyingi kuliko yeye. Alipofanya Zoezi la Nne kwa penseli, nilipoanza kupitisha wino nikaona swali la kwanza ameacha tena namba ya pili bila kuizidisha. Nikasema moyoni, amechoka, amesahau tu. Nikafuta, nikaandika iliyo sawa. La pili hivyohivyo. Nilikuwa naona kama nasahihisha herufi. Kufika swali la sita nikajua sisahihishi herufi, na sikuacha. Nilikuwa nafurahi, Mwalimu. Lile la nane nililokosa lilikuwa langu kabisa, na nilipoona kalamu yako nyekundu juu yake niliona kama umeniandikia mimi.

Karatasi zikirudi, yeye anasoma alama tu, kisha anaziweka juu ya kabati. Hajawahi kufungua ndani.

Kwa nini sikumwambia? Wewe ungemwambia vipi mkwe wako, mwanamume anayekulisha, kwamba hesabu zake si sahihi? Tunaheshimiana sana sisi. Nikiingia sebuleni anasimama. Heshima hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo, na sasa imemfanya aitwe jina la choo.

Anakula amegeuzia meza mgongo. Binti yangu ananiuliza mumewe ana nini, nami nasema sijui. Nifanye nini?

Mama mkwe wa 318


29 Aprili

Kwa mama mkwe wa 318,

Nimeisoma barua yako. Sehemu ya kosa si yako.

Zoezi la Nne nililishika karibu na dirisha, kwa kuwa taa ya dawati langu ilikuwa imeungua. Chini ya wino niliona penseli iliyofutwa: 3x + 7, na juu yake 3x + 21. Niliona hivyo katika maswali saba. Nilijua kuna watu wawili katika karatasi ile, na kwamba mmoja wao hajaelewa. Nikaandika 9. Zoezi la Tano sikulipeleka dirishani.

Sababu yangu haipendezi. Ule mfano wa ukuta nilikaa nao siku tatu kabla ya kuuandika. Nilitaka kuamini kwamba umefika.

Mwambie wewe, kabla sijamwambia mimi. Nakupa wiki moja.

Jambo la pili. Majibu yako ya Zoezi la Tano ni sahihi yote. Fomu ya usajili imo ndani ya bahasha hii. Usiijaze kwa jina lake.

Msahihishaji


6 Mei

Mwalimu,

Nakuandikia kuhusu siku niliyokuja, kwa sababu niliondoka bila kuaga.

Nilikuja kugomba, hilo ulilijua. Nilikuwa nimejipanga maneno tangu kituo cha basi. Yule karani wa mapokezi aliposema ngoja, nikapita. Nikasimama mbele ya meza yako nikasema yote, vyoo, rangi, kalamu iliyochukuliwa, na wewe ukawa unaniangalia tu. Nikaongeza sauti. Nikasema mwalimu gani huyu anayejificha nyuma ya karatasi, anaogopa hata simu. Ndipo ukateremsha ile skafu shingoni nikaona kovu, ukachukua daftari ukaandika: “Walinipasua koo mwaka wa ishirini wa kufundisha. Simu hainisikii. Kaa.”

Nikakaa. Ungeniambia mapema kwenye barua nisingesema niliyoyasema. Lakini na mimi nilikuwa na la kwangu nisilolijua, kwa hiyo tuachane na hilo.

Ulinipeleka dirishani na lile Zoezi la Nne nililolileta kama ushahidi. Penseli yangu niliijua palepale. Mkono wangu wa kushoto unaandika 7 kama jembe. Nikaona kila jembe limefutwa. Sikuuliza ni nani, nyumbani kwetu anayeshika wino ni mmoja.

Nilitaka kuondoka. Ukanishika mkono wa shati, ukaandika 6(240 + 35), ukanipa kalamu. Nikaandika 1475, kwa ubishi. Ukatikisa kichwa, ukaandika chini yake: “Usizidishe. Andika chumba na choo chake. Halafu tena. Mpaka jengo liishe.” Nikaandika 240 + 35. Chini yake 240 + 35. Nikaenda hivyo mpaka mistari sita, naona naonewa kama mtoto wa chekechea. Halafu ukaweka rula ukafunika upande wa vyumba, nikabaki naona upande wa 35 peke yake. Nikahesabu vyoo. Vilikuwa sita.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimelitembea lile jengo kwa miguu yangu, nilijua vyoo ni sita, mabomba yake niliyakwepa mimi. Lakini kwenye karatasi nilikuwa nimeviona kimoja siku zote, kwa sababu 35 iliandikwa mara moja. Na ule ukuta wako, Mwalimu, sikuwahi kuuelewa. Niliupenda tu. Ndiyo maana niliondoka bila kuaga.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe ameshika barua yako, imefika siku hiyohiyo, macho yamevimba. Binti yake nilimwomba atuachie nafasi. Nikamwambia, “Mama, umenisaidia vibaya.”

Akasema, “Najua.”

Nikamuuliza la Tano lilikuwa la nani. Akasema lote lake. Nikamuuliza alipata yote? Akasema, “Si uliona mwenyewe, kumi.” Na hapo, Mwalimu, alinyanyua kichwa kidogo. Nilikuwa bado nina hasira, lakini nililiona hilo.

Siku tatu hatukusemezana zaidi ya salamu. Ya nne nikateremsha karatasi kutoka juu ya kabati.

Naomba unitumie tena Zoezi la Nne, la Tano na la Sita, matupu. Alama zile zifute.

318


30 Mei

Mwalimu,

Nimejisajili. Karani wenu amenipa namba 402. Alipouliza umri nikamtajia, akauliza mara ya pili, nikamtajia tena.

Mkwe wangu amenituma nikuambie kwamba amepata Zoezi la Nne 6, na kwamba 6 hiyo ameipitia ndani. Huwa tunakaa mezani baada ya yeye kurudi kazini na kuoga. Yeye bado anaandika kila kitu kirefu, safu kwa safu, mpaka daftari linaisha. Binti yangu anasema tunamaliza karatasi za nyumba nzima.

Mimi shida yangu ni ileile ya kutoa. –2(x – 6). Ulinijibu kwamba alama inaingia kwa wote, nami naiingiza, lakini ikikutana na ya kutoa mwenzake nababaika. Juzi mkwe aliangalia daftari langu, akasita, akakohoa. Kisha akaniambia niseme kwa vigae. Mhandisi amekuagiza upunguze vigae x, ila kati ya hivyo 6 vilishapunguzwa na mtu mwingine. Utapunguza x vyote? Nikasema hapana, nitakuwa nimevipunguza tena vile 6, itabidi nivirudishe. Akasema, “Basi virudishe. Na kama ni sehemu mbili, virudishe mara mbili.” Kumi na mbili, za kujumlisha.

Ilikuwa mara ya kwanza kunisahihisha. Hakuniangalia usoni alipokuwa akisema, na mimi nikaendelea kuchambua mchele ili asione haya.

Huko kazini bado wanamwita Choo Kimoja. Amesema sasa anaitika.

402


9 Julai

Kwa wanafunzi namba 318 na 402,

Matokeo ya mtihani wa tarehe 14 Juni ni haya. Alama ya kufaulu ni 50.

Namba 318: 56. Umefaulu. Cheti kitatumwa kwa posta ya rejista.

Namba 402: 47. Hukufaulu.

Nimeomba nione karatasi zote mbili, ingawa si mimi niliyezisahihisha. Namba 318 alitumia kurasa nne kwa swali ambalo lina mistari miwili, hakupata muda wa maswali matatu ya mwisho, na hakuacha namba hata moja ndani ya mabano. Namba 402 aliandika majibu sahihi katika nusu ya kwanza. Katika nusu ya pili, mwandiko unaanza kusitasita na kuna maswali matano yaliyofutwa kabisa na kuachwa wazi. Kwa jinsi yalivyofutwa, bado yanasomeka. Matatu yalikuwa sahihi.

Aliyesahihisha hawezi kutoa alama kwa kilichofutwa, na mimi pia siwezi. Mtihani unarudiwa Novemba.

Kwa 402: mtu aliyefuta ubao miaka ishirini na miwili ana mazoea ya kufuta. Usije na kifutio.

Msahihishaji


19 Julai

Mwalimu,

Cheti kimefika. Nimempelekea mhandisi. Alikisoma mbele na nyuma, kisha akaniambia kazi ya usimamizi ilishapewa mwingine mwezi wa nne, wakati wa vyoo, na kwamba litakapopatikana jengo jipya ataniangalia. Sikubishana. Kalamu yangu alinirudishia. Jumatatu nilipewa nihesabu vigae vya ngazi, nikahesabu, nikatembea nikahakiki kwa chaki, hesabu zikalingana.

Barua yako ilipofika nilikuwa nyumbani peke yangu na mama mkwe. Niliifungua nikaona yangu, halafu nikaona yake, nikataka kuikunja niseme matokeo bado. Nilifikiria hivyo kabisa. Kisha nikampa asome mwenyewe.

Alisoma amesimama, ana maji mikononi. Alifika mwisho, akarudi juu, akafika tena mwisho. Mimi nilikuwa natafuta la kumfariji, nikaanza kumwambia kwamba yeye anajua zaidi yangu, kwamba hii nyumba nzima inajua. Akaninyamazisha kwa mkono.

“Kutoka 47 mpaka 50 ni ngapi?”

Nikasema, “Tatu.”

“Hiyo hata si aljebra,” akasema, akarudi kwenye vyombo.

Fomu yake ya Novemba imo humu ndani. Ameijaza kwa wino.

318